Kipimo cha damu hakitakuambia mfupa unaota wapi

Mama mmoja aliniwekea mezani karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Mstari mmoja ulikuwa na herufi H mbele ya ALP. Mwanawe ana miaka 14, analalamikia mgongo na visigino tangu mwaka jana. Alikuwa ameambiwa kijana "anaota mfupa mgongoni", naye hakulala siku tatu.

Nilimuuliza kuhusu suruali za shule. Akacheka: mwaka huu ameshanunua mara mbili, zote zimekuwa fupi. Maelezo ya ile H yalikuwa hapo. ALP ni kimeng'enya kinachotoka kwenye seli zinazojenga mfupa, na pia kwenye ini. Kwa kijana anayerefuka kinaweza kuwa mara mbili hata tatu ya mtu mzima, na baadhi ya maabara huchapisha viwango vya watu wazima tu.

Hata hivyo sikumruhusu aondoke. Vilivyonitia wasiwasi ni visigino na mgongo, si karatasi.

Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungio vinavyounganisha nyonga na uti wa mgongo, pamoja na sehemu kano zinapojishika kwenye mfupa, kama kisigino. Kwa watu wazima unaitwa ankilozing spondilaitisi, na karibu wote huanza kuugua kabla ya miaka 45. Mcharuko ukidumu miaka mingi, mfupa mpya huota kwenye kingo za pingili hadi pingili zinashikana na mgongo kukakamaa kama mwanzi.

Kwa hiyo ni rahisi kuuziwa wazo kwamba damu itaonyesha mfupa unaoota. Watafiti wamepima ALP ya mfupa, osteokalsini na vingine vya aina hiyo. Kikwazo ni kwamba mfupa unapoota pembeni, ndani ya pingili hiyohiyo mfupa hupungua na kuwa dhaifu. Damu nayo hukusanya habari za mifupa yote, kuanzia fuvu hadi kidole cha mguu. Ndiyo maana vipimo hivi vimebaki kuwa vya utafiti, na mimi simshauri mzazi yeyote akope fedha kuvilipia.

Nisemee pia HLA-B27. Wagonjwa wengi wa Ulaya wanayo, lakini kwetu Waafrika wa kusini mwa Sahara ni nadra. Jibu "hasi" lisitumike kukufukuza kliniki. Hata ESR na CRP huweza kuwa za kawaida na ugonjwa upo.

Ninachotaka kusikia, msomaji, ni hadithi yako. Je, maumivu yalianza taratibu na yamezidi miezi mitatu? Asubuhi unachukua zaidi ya nusu saa kunyooka? Yanakuamsha alfajiri? Yanapungua ukitembea, lakini ukilala hayapungui? Majibu hayo yananisaidia kuliko karatasi kumi. Baada ya hapo ndipo tunapiga eksirei ya nyonga, au MRI inapowezekana, kwani eksirei huweza kuchelewa miaka kuonyesha mabadiliko. Na hapa kwetu lazima tuulize kuhusu homa, jasho la usiku na kukonda, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huanza na maumivu ya mgongo, na baadhi ya dawa za ugonjwa huu zinaweza kukiamsha.

Yule kijana alikuwa ameachishwa mpira "apumzishe mgongo". Tumemwanzishia dawa za kutuliza mcharuko na mazoezi, na nimeomba arudishwe uwanjani polepole. Mama yake nimemwachia agizo moja la dharura: jicho likiwa jekundu, linauma na kuchomwa na mwanga, asisubiri tarehe ya kliniki, amlete siku hiyohiyo.