Macho ya mbwa mulinzi si ya kuzarau

Wandugu wanamemba, mbwa ndiye anafukuza nyani kwenye mahindi yetu, na usiku anabweka mwizi akikaribia mbuzi. Lakini macho yake yakiwa mekundu ao yakitoka machozi, tunasema tu: "Atapona mwenyewe." Sisi hatukubali mazoea hayo.

Jicho moja likitoka machozi, mara nyingi ni vumbi, mbegu ya majani, ao mwiba umemukwaruza. Macho yote mawili yakitoka usaha, tena anakohoa na kukataa chakula, inaweza kuwa ugonjwa wa kuambukiza wenye kuua sana watoto wa mbwa. Mumutenge na wengine, muite veterineri. Nyoka akimutemea sumu machoni, musafishe palepale na maji safi mengi.

Tunachokataza kabisa ni kutia majani makali, ao pomadi ya macho ya mutu iliyobaki nyumbani. Zingine ziko na kortizoni: jicho lenye kidonda linaweza kupofuka. Tumieni maji yaliyochemka na kupoa, na kitambaa safi.

Lakini mbwa akibadilika tabia, akitoka mate mengi ao akiuma ovyo, musimuguse hata kidogo: pengine ni kichaa, na kichaa kinaua mutu.

Kwa maoni yetu, ushirika unaonunua mbegu pamoja unaweza pia kuchanga franka kidogo, veterineri aje siku moja kuchanja mbwa wote wa kijiji. Mulinzi kipofu halindi shamba.