Jumapili za Miaka Mitatu kwa Hesabu Moja

Msomaji mpendwa, leo tafuta karatasi na kalamu, umwite na mwanao anayesoma, kisha mwandike nambari hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Utaipata ukiziandika 2 zipatazo 67, uzizidishe zote pamoja, halafu utoe 1.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliandika kwamba nambari hii ni tasa, yaani haigawanyiki bila kubakisha kitu ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kauli hiyo ilidumu zaidi ya miaka 200. Mnamo 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa. Ajabu ni kuwa njia yake haikusema inagawanyika kwa nambari zipi! Ni kama kuambiwa ndani ya nyumba mna mtu, usiambiwe ni nani.

Ndipo Oktoba 31, 1903, Profesa Frank Nelson Cole akasimama mbele ya wanahesabu wenzake mjini New York, Marekani. Inasimuliwa kuwa hakutamka neno. Alishika chaki, akaikokotoa nambari yenyewe upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, naye akarudi kitini huku wenzake wakimpigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka 3.

Wewe na mwanao mnaweza kuijaribu kazi yake kwa dakika 2. Jumlisheni tarakimu za nambari kubwa: 109. Jumlisheni tena: 10. Tena: 1. Zile nambari mbili za Cole zinatoa 37 na 64, nazo zote huishia kwa 1. Na 1 mara 1 ni 1. Jaribio hili peke yake si thibitisho, lakini lingetoa jibu jingine, mngejua pana kosa.

Umeona, msomaji? Kuzidisha ni kazi ya saa chache. Kutafuta cha kuzidisha ni kazi ya miaka. Tofauti hiyo si mchezo. Tangu 1977, wataalamu walipobuni njia ya kuficha ujumbe kwa nambari kubwa kama hizi, imesaidia kulinda siri nyingi, zikiwemo za benki kwenye intaneti. Nambari zinazotumika siku hizi zina tarakimu mamia.

Basi, mzazi, mwanao akikesha na swali moja huku wenzake wamemaliza kumi, usimwite mzembe. Keti naye, mwulize amefika wapi na amejaribu njia gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wengine huinama Jumapili nyingi.