Rahisi Isiwe Ghali: Kihisi cha Mazuku na Haki ya Kujua

Kuna neno la Kiswahili cha Kivu ambalo wanasayansi wa mataifa mengi hulitumia bila kulitafsiri: mazuku. Wakazi wa Goma na Sake, kaskazini mwa Ziwa Kivu, huita hivyo mabonde madogo ya mawe ya volkano ambamo hewa ya ukaa, yaani kabonidioksidi, hutoka ardhini na kutuama. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida takriban mara moja na nusu, hivyo hulala chini, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Ikizidi asilimia 10 ya hewa, mtu huweza kuzimia na kufa kwa muda mfupi. Mtoto na mbuzi, kwa ufupi wa vimo vyao, huifikia kabla ya mtu mzima kuhisi lolote.

Hata hivyo, gesi isiyoonekana kwa macho huweza kutambuliwa kwa mwanga. Ndani ya kihisi kuna taa ndogo mwanzoni mwa mrija na kipokea mwanga mwishoni. Kabonidioksidi hufyonza miali ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa takriban maikromita 4.26. Gesi inapoongezeka, miali inayofika hupungua, na upungufu huo hugeuzwa kuwa tarakimu. Ufundi huu si ghali tena, nami naunga mkono kwa dhati vihisi hivi kusambazwa.

Lakini wahenga walisema: rahisi ghali. Vihisi vingi vya bei nafuu vimeundwa kwa ajili ya ofisi na madarasa. Baadhi yake hukoma kupima gesi ifikapo asilimia 1 tu. Vingine hujirekebisha vyenyewe, vikidhani kwamba kiwango cha chini kabisa vilichokipima kwa siku kadhaa ndicho hewa safi. Katika chumba chenye madirisha, dhana hiyo inafaa. Katika bonde la mazuku, inaweza kuua, kwa kuwa kifaa kitazoea sumu na kuitangaza kuwa salama.

Kwa hiyo, haitoshi kununua kifaa cha bei ndogo na kukifunga kwenye mti. Vyuo vikuu na mafundi wa eneo la Maziwa Makuu wawezeshwe kuunda vihisi vyenye upeo mkubwa, visivyojirekebisha ovyo, vinavyostahimili unyevu, na vinavyolinganishwa mara kwa mara na gesi ya kiwango kinachojulikana. Bajeti ya matunzo itengwe pamoja na bajeti ya ununuzi.

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kongo humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira salama kwa afya yake. Haki hiyo hupungua thamani iwapo vipimo vinafungiwa katika kompyuta ya mtaalamu. Viandikwe kwenye mabango na kutangazwa redioni, kwa maneno ambayo mama anayekwenda shambani alfajiri ataelewa. Nasi wananchi tuna wajibu: tusiibe betri za vihisi, tusing'oe mabango.

Sayansi ililipokea neno mazuku kutoka vinywani mwa wakazi. Ni haki yao kurudishiwa tarakimu kwa lugha hiyohiyo. Wewe unayejifunza Kiswahili leo, huenda kesho ukawa ndiye utakayeandika onyo hilo.