Barua Isipofika, Mtumaji Ajikague Kwanza

Katika maghorofa ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, Kariakoo, na katika ofisi za Barabara ya Samora, malalamiko ni yale yale. Profoma ya vitabu imepelekwa asubuhi kwa barua pepe. Jioni shule iliyoiomba yasema haikuona kitu. Mwenye duka humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mwenye duka, na wote wawili huulaumu mtandao. Mwishowe muda wa manunuzi hupita, na wanaoumia ni watoto.

Aghalabu mtandao hauna hatia. Kinachoizuia barua ni seva ya mtumaji yenyewe, na kosa lake huwa limeandikwa wazi. Barua iliyokataliwa hurudi na taarifa yenye namba. Namba ianzayo na 4 ni kizuizi cha muda, na seva itajaribu tena. Namba ianzayo na 5 maana yake ni kukataliwa, na kuipeleka barua ile ile mara kumi hakusaidii kitu. Hata taarifa isiporudi, daftari la kumbukumbu la seva huonyesha barua ilikwama wapi. Lakini ni wakuu wangapi wa ofisi wanaoagiza lisomwe?

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni utambulisho. Kanuni za kupeleka barua pepe za mwaka 1982 hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake, na matapeli wakautumia mwanya huo. Ndipo vilipobuniwa vithibitisho vya SPF, DKIM na DMARC. SPF hutaja seva zenye idhini ya kupeleka barua kwa jina la kampuni. DKIM huitia barua muhuri. DMARC humwelekeza mpokeaji la kufanya uthibitisho unaposhindikana. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wapelekao barua kwa wingi wawe na vyote vitatu. Asiyejitambulisha asishangae akifungiwa mlango.

Ya pili ni ujirani. Makampuni madogo mengi hupanga pamoja katika seva moja. Mpangaji mmoja akiibiwa nywila na seva ikaanza kumwaga barua taka, anwani ya seva nzima huingizwa katika orodha za watuma taka, kama zile za Spamhaus, na wote huadhibiwa. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Kuomba kufutwa katika orodha hizo kabla ya kubadili nywila na kuondoa chanzo cha uchafu ni kazi bure.

Ya tatu, na iliyo mbaya zaidi, ni kutoijua mali yako mwenyewe. Fundi huitwa, husajili kikoa kwa jina lake, kisha huondoka na nywila. Siku ya shida hapatikani. Hivyo kampuni humiliki bango la mlangoni, lakini haimiliki jina lake katika mtandao.

Wengi hukimbilia anwani za bure za binafsi. Hiyo si dawa. Mwenye anwani akihama kazi, mawasiliano ya ofisi huhama naye. Kwa mtumishi wa umma jambo hili ni zito zaidi, maana Serikali ina mfumo wake wa barua pepe, na kumbukumbu za wananchi hazifai kukaa katika sanduku la mtu mmoja.

Yafaa basi kila taasisi isajili kikoa kwa jina lake yenyewe, itunze nywila zake ofisini, na imteue mtu wa kuwajibika barua zinaporudi. Zamani tarishi aliporejea na bahasha mkononi, karani hakuitupa. Aliuliza kwanza imekataliwa kwa nini. Tarishi amebadilika, lakini wajibu wa kuuliza ungali wa karani.