Lifti za stesheni zitunzwe kabla hazijagoma

Tangu treni za umeme za reli ya kisasa (SGR) zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, lifti na ngazi za umeme zimekuwa sehemu ya safari ya Watanzania wengi. Kwa kuwa bado ni mpya, huu ndio wakati wa kupanga matunzo yake.

Ngazi ya umeme huchakaa hata ikitumiwa vizuri. Minyororo hulegea, mikanda ya kushikia hulika, takataka hujazana chini ya vidaraja. Novemba 1987, katika stesheni ya King's Cross jijini London, moto ulishika grisi na uchafu chini ya ngazi ya umeme ya mbao. Watu 31 walikufa.

Lifti nayo ikisimama, mwenye miguu mizima atapanda ngazi akinung'unika. Mwenye kiti cha magurudumu atabaki chini, treni iondoke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kufika, na haki hiyo haiishii siku ya uzinduzi.

Tunalishauri Shirika la Reli Tanzania litenge fungu la matengenezo lisiloguswa kwa kazi nyingine, liweke akiba ya vipuri na mafundi waliofunzwa hapa nchini, na libandike katika kila lifti tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Abiria nao wasizipakie mizigo kupita kiasi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.