Saratani Uzeeni na Kiinua Mgongo cha Askari

Askari mstaafu apatwapo na saratani, adui wake si ugonjwa peke yake. Gharama nazo humvizia. Ni kweli kwamba Uganda iliondoa ada za kawaida katika hospitali za serikali mwaka 2001, na kwamba Taasisi ya Saratani ya Mulago imehudumia wagonjwa tangu 1967. Lakini mzee atokaye Arua au Kitgum hana budi kulipia nauli, malazi na chakula, chake na cha anayemwuguza. Mashine ya mionzi ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, waliojiweza walifuata tiba Nairobi. Wasio na akiba walingoja.

Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu wa jeshi na polisi: kiinua mgongo kisiishie chote katika mabati na harusi. Fungu moja liwekwe kwa ajili ya maradhi. Karatasi za vipimo zitunzwe, zisije zikalipiwa mara mbili. Dalili zisifichwe kwa kuona haya, maana saratani iliyowahiwa hugharimu kidogo kuliko iliyokwisha enea.

Nayo serikali isikubali aliyeilinda nchi auze shamba ili apate nauli ya kwenda kutibiwa. Malazi ya wagonjwa karibu na hospitali ni deni letu kwao.