Kilo za Mtoto Ziandikwe

Mama wa Misungwi apelekaye mtoto mahututi Bugando hana mzigo mkubwa. Ana kanga, ana kadi ya kliniki, na ana karatasi ya rufaa iliyoandikwa kwa haraka na tabibu aliyekesha. Katika karatasi ile ipo tarakimu moja ambayo, kwa maoni yetu, yapita maneno yote yaliyobaki: uzito wa mtoto kwa kilo.

Twataka wasomaji wetu wafahamu sababu. Mtu mzima hupewa vidonge viwili kama jirani yake alivyopewa viwili. Dawa ya mtoto hukokotolewa. Mtoto wa siku tatu mwenye kilo 3 hupasiwa kupata miligramu 15 za gentamaisini kwa siku, yaani 5 kwa kila kilo. Lakini kichupa kilichozoeleka kina miligramu 80 katika mililita 2. Dawa ya watoto watano wa namna hiyo imo ndani ya kichupa kimoja! Muuguzi hana budi kuvuta chini ya nusu mililita, usiku wa manane, huku watoto wengine wakilia. Nukta ikipotea, dozi huwa mara kumi, na dawa hiyo ikizidi hudhuru figo na masikio.

Wako watu wepesi wa kumnyoshea kidole muuguzi. Sisi hatumo katika kundi hilo. Uchunguzi uliofanywa Boston, Marekani, na kutangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba makosa ya dawa yawezayo kuleta madhara yalikuwa mara tatu zaidi kwa watoto waliolazwa kuliko kwa watu wazima. Ikiwa hospitali zenye mali namna ile zakosea, basi ubaya hauko katika moyo wa mfanyakazi. Uko katika kazi yenyewe, jinsi ilivyopangwa.

Ndiyo maana twaunga mkono kompyuta kuingia wodini. Vitabu vya MTUHA vimetutumikia tangu miaka ya 1990, na sasa vituo vingi vya Serikali vyatumia mfumo wa GoTHOMIS. Lakini kitabu hupokea lolote liandikwalo. Kompyuta iliyofundishwa vema yaweza kukataa: hakuna uzito, hakuna dawa, dozi imepita kiasi, isomwe tena, mtoto huyu alikwisha kuchomwa sindano hiyo asubuhi katika kituo kilichomleta. Kulipia matibabu na kuhesabu akiba ya dawa ni kazi nzuri za mashine, lakini kumlinda mtoto ni kazi bora zaidi.

Hata hivyo tusidanganyike na ung'aavu wa kioo. Katika hospitali moja ya watoto mjini Pittsburgh, waliwekewa mfumo wa kuandika dawa kwa kompyuta. Mwaka 2005 waganga wa pale walitangaza kwamba vifo vya watoto walioletwa kutoka hospitali nyingine vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Walieleza kwamba zamani daktari aliagiza dawa mtoto akiwa bado njiani; mfumo mpya haukukubali mpaka mtoto afike na kuandikishwa. Wafanyakazi nao walivutwa mbali na kitanda, wakikaa mbele ya mashine. Seattle walitumia mfumo uo huo, wakajiandaa kwa namna nyingine, na vifo havikuongezeka.

Habari hiyo yatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko wengi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na mgonjwa wa Sengerema hangoji tena kivuko. Avuka ziwa kwa gari, apita Usagara, aingia Mwanza. Njia ya gari imefupishwa. Njia ya karatasi je? Jina la mtoto, kilo zake, na dawa alizokwisha kupewa zingepasa kufika Bugando kabla ya magurudumu, ili dawa ikutwe imepimwa. Mfumo wowote usioweza jambo hili usinunuliwe, hata ukisifiwa namna gani, na wauguzi waulizwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi, si baada.

Wala tusiambiwe kwamba Misungwi hatuwezi kazi ya hesabu. Vijiji 72 vya wilaya hii vilishiriki katika majaribio ya vyandarua yaliyotangazwa mwaka 2022; watoto walifuatiliwa miaka miwili, na aina moja ya chandarua ikaonekana kupunguza malaria kwa asilimia 44. Takwimu hizo zilikusanywa hapa hapa, kwa watoto wetu, na leo zasomwa duniani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo, kwa hiyo hofu ya siri za wagonjwa kutapakaa ina mahali pa kupelekwa.

Twarudi zahanati, maana kompyuta ya Bugando yategemea tarakimu itokayo huko. Mizani ya watoto iliyovunjika hugharimu kidogo kuliko posho za semina moja. Wajumbe wetu wa vijiji na kamati za zahanati waikague mwezi huu, na palipo na mbovu, diwani aandikiwe barua, nakala ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.